Mradi ni wa mtu mmoja: je, mbinu za kuboresha michakato zinafaa?

Swali

"Nilipelekwa mafunzo ya wiki moja ya kuboresha michakato ya kazi. Tulifundishwa hatua tano za Six Sigma (mbinu ya kupunguza makosa kwa kutumia takwimu), mchoro wa mifupa ya samaki (wa kupanga sababu za tatizo), kuuliza 'kwa nini' mara tano, na aina saba za upotevu. Mifano karibu yote ilikuwa ya viwandani. Niliporudi ofisini, mkuu wangu akasema nitumie niliyojifunza kwenye mradi nilionao: kuandika upya mwongozo wa taratibu za kazi za idara yetu, sehemu 30 kwa wiki 16, na mwandishi ni mimi peke yangu. Wiki 8 zimeshapita na sehemu zilizoidhinishwa ni 10 tu. Nimejaza hati ya mradi, jedwali la wadau na mengine mengi, na naona yananichelewesha zaidi. Hizi hapa ni siku za kazi ambazo kila sehemu ilichukua tangu nilipoianza hadi kuidhinishwa: 14, 19, 11, 17, 22, 13, 16, 12, 18, 18. Ile ya siku 22 ilinifanya nigombane na mhakiki. Je, mbinu hizi zinamfaa kweli mtu mmoja mwenye mradi mmoja? Kama zinafaa, nianzie wapi, na nitumie programu gani?"

Jibu

Ndugu yangu, zinafaa, tena sana, ila mengi uliyofundishwa itabidi uyaweke kando. Anza na hayo majedwali: yaache leo hii. Hati ya mradi, jedwali la wadau na mgawanyo wa majukumu vilibuniwa ili watu wengi wanaofanya kazi pamoja waelewane nani anafanya nini na kwa ajili ya nani. Wewe mwandishi ni mmoja, mhakiki ni mmoja, na anayeidhinisha ni mmoja. Hilo linatosha kukaa kichwani. Hakuna ulichokosea kwa kuyajaza, maana ndivyo mafunzo yalivyokuelekeza, lakini hayakusaidii kuona tatizo lako liko wapi.

Kinachokusaidia ni kutenganisha mambo mawili ambayo ofisini huchanganywa kila siku: mradi na mchakato. Mradi hufanyika mara moja ukaisha. Mchakato hujirudia. Mbinu zote za uboreshaji, kuanzia mchoro wa udhibiti (mchoro wa vipimo wenye mstari wa wastani na mipaka ya juu na ya chini) ambao Walter Shewhart aliubuni mwaka 1924 katika kampuni ya simu ya Bell huko Marekani hadi Six Sigma iliyoanzia kampuni ya Motorola mwaka 1986, zinategemea kujirudia. Unafanya jambo, unapima, unabadilisha kitu, unalifanya tena, unapima tena. Pasipo na "tena" hakuna cha kuboresha, kuna cha kumaliza tu. Ndiyo maana watu wengi wanaojaribu kuuboresha mradi mzima hukata tamaa: wakishajua walichopaswa kufanya, mradi umekwisha.

Lakini ndani ya mradi wako kuna jambo unalolifanya mara 30. Unakusanya maelezo, unaandika rasimu, unaipeleka kwa mhakiki, inarudi, unarekebisha, inakwenda kuidhinishwa. Huo ndio mchakato wako, na sehemu moja ya mwongozo ndiyo bidhaa inayopita humo. Tena uko mahali pazuri kuliko unavyodhani, kwa kuwa umeshakamilisha 10, kiasi cha kukupa historia, na zimebaki 20, kiasi cha kufaidi utakachojifunza. Ungeniandikia ukiwa umebakiza tatu ningekuambia achana na mbinu, maliza kazi.

Anayeandaa mkutano, anayehamisha kumbukumbu kwenda mfumo mpya, anayefanya utafiti kwa mahojiano, wote wajiulize swali hili: ni kitu gani kinachopita mikononi mwangu mara nyingi kwa sura ileile? Kikiwa kinapita mara nne au tano tu, vipimo havitasema lolote la maana. Kikipita mara 20 au 200, pana kazi ya kufanya.

Mtu aliyeonyesha vizuri kuliko wote kwamba mbinu za taasisi kubwa zinaweza kushushwa hadi kwa mtu mmoja ni Watts Humphrey. Alifanya kazi IBM kwa miaka 27, kisha mwaka 1986 akaenda Taasisi ya Uhandisi wa Programu katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon. Huko aliongoza kazi iliyozaa mfumo wa ngazi tano wa kupima ukomavu wa mashirika yanayotengeneza programu za kompyuta. Mashirika yakaupokea. Baadaye akajiuliza kama kanuni zilezile zinaweza kumfaa mwandishi mmoja wa programu aliye peke yake mezani, akazijaribu juu ya nafsi yake: aliandika programu ndogo zaidi ya 60, akirekodi muda alioutumia na kila kosa alilofanya. Kilichobaki baada ya kuchuja kilikuwa kidogo sana ukilinganisha na mfumo wa mashirika: daftari la muda, daftari la makosa, makadirio yanayotokana na kazi zako mwenyewe zilizopita, na orodha ya ukaguzi inayotokana na makosa yako mwenyewe. Hicho ndicho kiasi kinachomfaa mtu mmoja, na wewe nakushauri uchukue hata pungufu ya hapo.

Tuingie kwenye kazi yako. Katika maelezo yako marefu, ambayo hapo juu yamefupishwa, umesimulia safari ya sehemu ya pili, ile ya maombi ya likizo, iliyochukua siku 19. Nimeipanga hivi. Siku tatu za kwanza ulimhoji ofisa anayeshughulikia likizo kwa saa moja na nusu, ukaandika rasimu kwa saa nne, ukaituma. Ilikaa kwa mhakiki siku sita. Iliporudi ulitumia siku moja, yaani saa moja na nusu ya kazi halisi, kurekebisha. Ikarudi kwake, ikakaa siku nne. Safari hii alikuambia fomu uliyoitaja imeshabadilishwa. Ukairekebisha kwa nusu saa na kuipeleka kwa mkuu wako siku hiyohiyo. Kwa mkuu ikakaa siku tano. Nusu saa ya mwisho ulipanga kurasa. Jumla ya kazi ya mikono yako ni saa 8. Siku 19 za saa 8 kila moja ni saa 152. Yaani ukilinganisha saa zote ambazo sehemu hiyo ilikuwa hai na saa ulizoigusa, uliigusa kwa takriban asilimia 5. Siku 15 kati ya 19 ilikuwa mezani kwa mtu mwingine.

Tafadhali isome tena aya hiyo, kwa sababu jibu langu lote limejengwa juu yake. Unaniambia umeanza kubaki ofisini hadi usiku ili uandike haraka zaidi. Ukifaulu kupunguza robo ya muda wa kuandika rasimu, utaokoa saa moja katika safari ya siku 19. Jitihada yako ni ya kweli, lakini imeelekezwa mahali ambapo hakuna cha kuokoa. Na hili silo tatizo lako pekee. Katika kazi za ofisini, mahali kazi inapopita kwa watu kadhaa, muda wa kusubiri huumeza muda wa kufanya karibu kila mara, na kwa kuwa kusubiri hakuchoshi mwili, hakuna anayehesabu muda huo.

Sasa hesabu ya pili, nayo ina habari njema. Zimebaki sehemu 20. Kila moja ikihitaji saa 8 za mikono yako, ni saa 160, sawa na siku 20 za kazi. Wiki 8 zina siku 40. Kwa hiyo muda wa kuandika unao, hata ukiwa na majukumu mengine yanayokula nusu ya siku zako. Mwongozo huu unaweza kuisha kwa wakati, ila si kwa mwendo wa sasa.

Mwendo wa sasa ni upi? Sehemu 10 kwa wiki 8, yaani 1.25 kwa wiki. Ili umalize 20 kwa wiki 8 unahitaji 2.5 kwa wiki, mara mbili kamili. Hapa ndipo wengi huanguka: huona wamechelewa, basi huanzisha sehemu nyingi zaidi kwa mpigo. Wahenga walikwishaonya kwamba mshika mbili moja humponyoka, na mwaka 1961 John Little alithibitisha kwa hisabati uhusiano ambao leo unaitwa sheria ya Little: wastani wa vitu vilivyo ndani ya mfumo ni sawa na kasi ya kutoka mara muda ambao kila kimoja hukaa humo. Kwako wewe, wastani wa siku zako kumi ni 16, sawa na wiki 3.2. Zidisha na 1.25 utapata 4. Ndiyo kusema kwa wastani umekuwa na sehemu nne hivi zilizoanza bila kuisha.

Ukizifanya nane, na kasi ya mhakiki ikabaki ileile, kitakachobadilika ni muda tu: kila sehemu itakaa wiki 6.4. Hutapata hata moja ya ziada kwa wiki, ila maoni yatakurudia ukiwa umeshasahau ulichoandika na yule ofisa uliyemhoji ameshahamia shughuli nyingine. Ukibaki na nne, na ukaweza kushusha siku kutoka 16 hadi 8, basi utapata 2.5 kwa wiki, kasi unayoihitaji. Hilo ndilo lengo lako, na liandike mahali unapoliona: sehemu nne tu zilizo wazi kwa wakati mmoja, siku 8 kila moja. Usianzishe ya tano mpaka moja kati ya nne iidhinishwe. Siku ambayo zote nne ziko kwa wengine, usifungue mpya. Tumia saa hiyo kwenda kuuliza iliyokwama imekwama kwa nini. Najua inauma kukaa bila kuandika huku muda unakimbia. Lakini kuandika sehemu ya tano siku hiyo ni kuongeza foleni mezani kwa mtu ambaye tayari ameelemewa.

Kabla ya kubadilisha chochote, tuimalize habari ya siku 22 na ugomvi wako na mhakiki. Shewhart alitaka kujua ni lini tofauti kati ya kipimo na kipimo inasema jambo, na ni lini ni kuyumba kwa kawaida kwa mchakato uleule. Hesabu yake kwa takwimu kama zako ni nyepesi. Chukua tofauti kati ya kila sehemu na iliyofuata: 14 na 19 ni 5, 19 na 11 ni 8, halafu 6, 5, 9, 3, 4, 6, 0. Wastani wake ni 5.1. Zidisha na 2.66, namba isiyobadilika katika hesabu hii, utapata 13.6. Ongeza kwenye wastani wa 16 na upunguze: mipaka yako ni takriban siku 2.4 na 29.6. Vipimo 10 ni vichache, kwa hiyo ichukue mipaka hiyo kuwa ya muda, lakini inatosha kwa swali letu. Siku 22 ziko ndani. Siku 11 pia ziko ndani.

Maana yake ni kwamba mhakiki hakufanya jambo lolote la pekee kwenye sehemu ya tano, wala wewe hukugundua dawa yoyote kwenye sehemu ya tatu. Ni mchakato mmoja uliotoa zote mbili, na ukiuacha kama ulivyo utaendelea kutoa 11 leo na 22 kesho bila mtu kubadilika. Ingekuwa siku 34, hapo ungekuwa na haki ya kuuliza wiki ile kulitokea nini. W. Edwards Deming, aliyejifunza kwa Shewhart na kwenda kuwafundisha viongozi wa viwanda vya Japani mwaka 1950, alilirudia jambo hili maisha yake yote: ukiurekebisha mchakato kila unapoona matokeo usiyoyapenda, unauzidishia kuyumba. Alizoea kulionyesha darasani kwa faneli na gololi, akiisogeza faneli baada ya kila gololi kuanguka mbali na shabaha. Gololi zikazidi kutawanyika. Nakuomba umwendee mhakiki wako mkapatane. Utamhitaji, na hakukukosea.

Sasa daftari. Ninakuhitaji uandike mambo machache tu kwa kila sehemu: tarehe ulipoianza, tarehe ilipotoka mikononi mwako, tarehe iliporudi, imerudishwa mara ngapi, na kwa sababu gani. Saa za mikono andika kwa sehemu tano zinazofuata kisha acha, kwa sababu tumeshajua kwamba tatizo haliko huko. Kama kuandika hayo kunakuchukua zaidi ya dakika chache kwa siku, umeanza tena kujaza majedwali. Programu? Karatasi iliyopigwa mistari inatosha. Ukipenda Excel, sawa, ila usitumie jioni nzima kuipaka rangi. Vibao vya kielektroniki vya kazi ni vizuri kwa timu. Kwako sehemu nne zilizo wazi unaweza kuzihesabu kwa vidole.

Safu ya sababu za kurudishwa ndiyo yenye utajiri. Chukua rasimu zako zote zilizorudi, soma maoni moja baada ya jingine, na uyapange kwa aina: fomu au cheo kilichopitwa na wakati, hatua iliyorukwa, mpangilio usioeleweka, taarifa inayokosekana, tahajia. Usiwe na aina zaidi ya sita au saba. Joseph Juran ndiye aliyeeneza katika kazi ya ubora kanuni aliyoiita kwa jina la mchumi Pareto, kwamba sababu chache hubeba sehemu kubwa ya madhara. Sitakutabiria asilimia. Lakini kwa hadithi ulizonisimulia, sitashangaa fomu na vyeo vilivyopitwa na wakati vikiongoza.

Ikiwa ni hivyo, hapo ndipo pa kuuliza "kwa nini", ile mbinu iliyojulikana kutokana na Toyota. Kwa nini sehemu ya likizo ilirudi mara ya pili? Fomu ilishabadilika. Kwa nini uliandika ya zamani? Uliichukua kwenye folda ya pamoja. Kwa nini ilikuwamo? Hakuna mwenye jukumu la kuiondoa. Simama hapo. Si lazima zifike tano. Simama pale unapofika mahali mkono wako unapofika. Kupanga upya folda ya idara nzima ni mradi mwingine, na ukiuingia sasa mwongozo utalala. Unachoweza leo ni kuongeza swali moja mwanzoni mwa kila mahojiano: fomu inayotumika leo ni ipi, na naomba uniwekee nakala yake mkononi. Na jihadhari: "kwa nini" ikiishia kwenye jina la mtu, umeuliza vibaya. Rudi hatua moja nyuma uulize ni mpangilio gani uliomfanya mtu huyo, au yeyote mwingine katika nafasi yake, atende vile.

Makosa ambayo chanzo chake kiko kwako yaingize kwenye orodha ya ukaguzi ya kwako binafsi. Humphrey alikazia jambo ambalo watu hulipuuza: orodha iliyotengenezwa na mtu mwingine hukagua makosa ya mtu mwingine. Yako itokane na maoni yaliyokurudia wewe, na iwe fupi. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2008 ina vipengele 19, na hiyo ni kwa chumba chenye daktari, wauguzi na mtaalamu wa usingizi. Wewe sita au saba vinakutosha. Kisha itumie hivi: usisome rasimu mara moja ukitafuta yote kwa pamoja. Chukua kipengele cha kwanza, pitia rasimu nzima ukitafuta hicho tu, ndipo uje cha pili. Inaonekana ni polepole, lakini jicho linalotafuta kitu kimoja hukiona. Na uikague asubuhi ya kesho yake, si dakika ulipoweka nukta ya mwisho. Kipengele ambacho hakijakamata kosa lolote kwa sehemu nyingi mfululizo, kifute.

Ukaguzi huo unalenga kuondoa safari ya pili kwa mhakiki. Kwa sehemu ya likizo, hiyo peke yake ingeokoa siku nne. Bado hatujafika siku 8. Lililobaki ni kusubiri kwenyewe, na hilo hulimalizi ukiwa umejifungia mezani kwako.

Nenda kwa mhakiki ukamuulize, kwa nia ya kujua kweli, rasimu zako zinamfikia vipi. Huenda zinamjia tatu kwa mpigo siku ya Ijumaa. Huenda kila moja ina kurasa 12, naye huiweka kando hadi apate nusu siku ya utulivu, nusu siku ambayo haipatikani. Huenda hajui unataka akague nini hasa, kwa hiyo anasoma hadi koma. Kila moja ya hizo ina tiba nafuu. Tuma moja moja. Gawanya sehemu ndefu. Andika juu kabisa: naomba uthibitishe hatua ya 3 na ya 7 na jina la fomu, lugha nitaishughulikia mwenyewe. Au, na hili ndilo ninalolipendelea kwa hali yako, muwekeane saa moja mara mbili kwa wiki, mkae pamoja, usome naye mstari kwa mstari na kurekebisha palepale. Saa mbili kwa wiki zinaweza kuwa kubwa kwake, lakini zikitosha sehemu mbili au tatu zitakuwa zimechukua mahali pa barua pepe zote na safari zote za kurudi.

Chochote utakachochagua, kabla hujakianza andika unatarajia nini na kwa kipimo kipi. Kwa mfano: "Tukisoma pamoja, siku za kusubiri uhakiki zitashuka kutoka 10 hadi 3." Sentensi hiyo moja ndiyo inayotenganisha jaribio na bahati, na kwa mtu mmoja ndiyo mzunguko mzima wa kupanga, kutenda, kuchunguza na kuchukua hatua. Vitabu vinasema badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Kwa kuwa una wiki 8 tu, nakuruhusu uanze viwili pamoja, ukaguzi binafsi na kikao cha kusoma pamoja, kwa sababu matokeo yake yataonekana kwenye safu tofauti za daftari lako: cha kwanza kwenye idadi ya kurudishwa, cha pili kwenye siku za kusubiri. Viwili vinavyogusa safu moja usivichanganye, hutajua kipi kilifanya kazi.

Utajuaje kwamba mabadiliko ni ya kweli? Si kwa sehemu moja iliyotoka kwa siku 9. Tumeona mchakato wako wa zamani ungeweza kuitoa hiyo bila msaada wowote. Tumia kanuni ya zamani ya mafundi wa Western Electric, kampuni iliyotengeneza vifaa vya simu vya Bell: vipimo nane mfululizo vikiwa upande uleule wa wastani wa zamani, mchakato umebadilika. Sehemu nane mfululizo chini ya siku 16, na una jambo la kusimulia.

Vilivyobaki kutoka mafunzoni vipitie haraka. Aina saba za upotevu zilipangwa na Taiichi Ohno kwa ajili ya Toyota; kwako mbili tu zina uzito, kusubiri na kurudia kazi. Mchoro wa mifupa ya samaki wa Kaoru Ishikawa ni chombo cha kundi la watu kuweka mawazo yao ubaoni. Mtu mmoja aliye na daftari la sababu hauhitaji. Na kile kipimo cha Six Sigma cha makosa 3.4 katika nafasi milioni, kisahau kabisa. Una sehemu 30.

Onyo moja kuhusu daftari lako: ni lako. Saa zako na makosa yako usiyatume kwa yeyote, hata ukiombwa kwa upole. Humphrey alisisitiza kwamba takwimu binafsi ni siri ya mwenyewe, na sababu yake ni ya kiutendaji: siku utakapohisi zinaweza kutumika kukupima, utaanza kuandika zinazopendeza, na daftari litakuwa halina faida kwako wala kwa ofisi. Kinachotoka nje ni mwenendo wa mchakato: siku, idadi ya kurudishwa, foleni.

Na hicho ndicho cha kumpelekea mkuu wako, tena wiki hii, usisubiri matokeo. Hatua tano za Six Sigma hazihitajiki kwenye karatasi yako. Weka mchoro mmoja wa siku za sehemu 10 pamoja na wastani na mipaka, na mistari mitatu: mwendo wa sasa ni sehemu 1.25 kwa wiki, unaohitajika ni 2.5; kazi ya mikono iliyobaki ni siku 20 hivi kati ya 40 zilizopo; katika sehemu ya mfano, siku 15 kati ya 19 zilikuwa za kusubiri, 10 kwa mhakiki na tano kwenye idhini. Siku tano hizo ni za kwake mwenyewe. Mwambie kwa adabu, lakini mwambie, kwa sababu bila hizo hesabu ya siku 8 haikubali. Kisha omba mambo mawili mahususi: saa mbili za mhakiki kwa wiki ziwekwe kwenye ratiba yake rasmi, na siku moja ya wiki ambayo mkuu ataidhinisha kila kilichopita kwa mhakiki. Akikubali yote mawili, anza Jumatatu inayofuata. Akikubali moja, hesabu upya mbele yake muone ni sehemu ngapi zitakuwa tayari ifikapo wiki ya 16. Na akikataa yote, muulize ni sehemu zipi kati ya 20 zinazotumiwa na watu kila siku, uzitangulize hizo, na mkubaliane sasa tarehe mpya ya zilizobaki.